Moyo Uliokimbia Nikiwa Nimekaa

Mwaka niliougua, mbwa wetu alinenepa. Majirani walimcheka, wakasema anatembea kama mtu aliyechaguliwa juzi, na hakuna aliyejiuliza anakula nini. Alikuwa anakula chakula changu. Kila jioni dada yangu mdogo, Chebet, aliniletea ugali na sukuma wiki mlangoni, nami nilingoja ageuke tu, kisha nikamwaga yote nyuma ya ukuta. Sahani ilirudi jikoni ikiwa tupu na mama akaridhika kwamba mwanawe anakula vizuri.

Naandika haya kwa sababu sasa nina miaka ishirini na moja na naweza kula mbele ya watu. Najua kuna mtoto wa kidato cha tatu mahali fulani ambaye leo anamwagia mbwa chakula, au anafanya jambo lake la namna hiyo, na anadhani ni yeye peke yake duniani. Si yeye peke yake. Pengine mzazi wake atasoma hapa kabla yake, na hilo pia litanifurahisha.

Nieleze kwanza kwa nini nilikuwa nakula peke yangu. Sisi ni Wakipsigis, Wakalenjin wa upande wa Silibwet, karibu na mji wa Bomet, na kwetu mvulana akishatoka jandoni ni mwanamume. Haketi tena jikoni kwa mama yake wala halali nyumba moja na wazazi. Anajengewa chumba chake uani, sigiroinet, na chakula analetewa huko. Mimi nilitahiriwa Desemba ya mwaka niliomaliza darasa la nane, nikiwa na miaka kumi na minne. Chumba changu kilikuwa cha mabati, na dirisha moja lililotazama chai, hatua kama arobaini kutoka jikoni. Najua ni arobaini kwa sababu nilizihesabu mara nyingi bila kuzitembea. Jioni niliwasikia mama, Chebet na wadogo wetu wakicheka huko ndani, na mvua ikianza kupiga mabati sikusikia hata hicho kicheko.

Niliyofundishwa jandoni hayaandikwi, na sitayaandika. Lakini naweza kusema hivi: hakuna aliyenifundisha kuugua kimya. Hilo nililiongeza mwenyewe. Niliambiwa mwanamume hamlilii mama yake, nami nikaelewa kwamba mwanamume hamwambii mama yake kitu chochote. Ni kosa la mtoto aliyevishwa koti la mtu mzima na kuogopa kusema linamburura.

Halafu kulikuwa na lile jina. Nilipofaulu mtihani wa darasa la nane, baba alisimama kanisani wakati wa matangazo. Baba yangu ni mkulima wa chai, mtu wa maneno machache, na sijui siku hiyo aliyatoa wapi yote. Alisema, huyu Kipngeno ndiye daktari wetu. Watu wakapiga makofi, na kuanzia Jumapili hiyo sikuitwa tena kwa jina langu. Nilikuwa Daktari dukani, Daktari kisimani, Daktari nikibeba majani ya ng'ombe. Kuna bibi mmoja jirani yetu ambaye alinisimamisha njiani nikienda shule, akapandisha sketi kidogo na kunionyesha goti lililovimba, akaniuliza limevimba kwa nini. Nilikuwa kidato cha kwanza. Nikamwambia alipumzishe, na akaondoka ameridhika kabisa.

Ilikuwa mzaha mpaka ilipoacha kuwa mzaha. Muhula wa pili wa kidato cha tatu, wakati wa baridi ile ambapo ukungu unakalia chai mpaka saa nne asubuhi, mwalimu wa kemia alirudisha karatasi za mtihani na mimi nikapata alama ambazo hazimpeleki mtu kwenye udaktari hata wa mbuzi. Niliiweka karatasi chini ya kitabu. Ndipo moyo ulipoanza kukimbia. Watu husema sisi Wakalenjin tumezaliwa kukimbia. Mimi mbio sijawahi kuziweza, na siku ile nilikuwa nimekaa tuli kwenye dawati, lakini moyo ulikimbia mpaka nikaona shati linatikisika. Vidole vikafa ganzi. Nilishika ukingo wa dawati na kungoja nife, na nilichoona aibu zaidi ni kwamba ningefia kwenye kemia.

Sikufa. Siku tatu baadaye ilirudi nikiwa njiani, kisha kanisani, kisha kila siku. Nikaongeza kusoma. Nilidhani dawa ya kuanguka ni kusoma zaidi, kwa hiyo nikapunguza kulala, nikaacha kucheza mpira, nikaacha kumngoja rafiki yangu Weldon tutoke pamoja. Weldon aliniuliza mara mbili kama nimemkasirikia, kisha akaacha kuuliza. Chakula kilianza kunikwama kooni. Mkanda wa suruali niliutoboa tundu jipya kwa msumari, halafu lingine. Nywele zilikatika upande mmoja wa kichwa, mahali nilipokuwa naegemeza mkono nikisoma, na kinyozi wa Silibwet akaninyoa zote ili zifanane. Watu wakasema Daktari ameanza kufanana na madaktari.

Nilienda mwenyewe kwenye duka la dawa nikasema tumbo linauma, maana niliona aibu kusema moyo. Nikapewa dawa ya vidonda vya tumbo, chupa nyeupe yenye ladha ya chaki. Niliinywa yote. Tumbo lilikuwa limepona tangu zamani, maana halikuwa na ugonjwa.

Sasa nitasema jambo moja gumu, kwa sababu nilijiahidi kulisema. Kuna siku nilikaa chumbani nikafikiri kwamba moyo ukisimama wenyewe, mambo yote yatakuwa yameisha na hakuna atakayenilaumu. Sikupanga kufanya lolote. Nilitamani tu. Kama unayesoma umefika hapo, ondoka sasa hivi umwambie mtu mmoja mwenye masikio, yeyote, kisha urudi umalize kusoma. Mimi sikumwambia mtu, na nilivuka kwa bahati. Usiitegemee bahati hiyo.

Nilianguka mwezi wa saba, kwenye maabara, nikiwa nimeshika chupa ya kioo. Nilipofumbua macho mwalimu alikuwa ameninyanyua miguu juu ya kiti, na wenzangu wamesimama pembeni wakinitazama. Mama aliitwa. Alikuja na gambuti za shambani, na kikapu cha kuchumia bado kiko mgongoni, kwa sababu hakukumbuka kukitua.

Hapo ndipo tulipoanza kukaa kwenye mabenchi. Kwanza zahanati, kisha hospitali ya Bomet mjini, kisha tukatumwa Kericho kupimwa moyo. Benchi la hospitali lina tabia yake. Unakaa mwisho, anayetangulia akiitwa mnasogea wote, na mbao zimelainika kwa makalio ya watu wengi kiasi kwamba unateleza tu. Mama alikaa karibu nami sana. Kwa mara ya kwanza tangu jandoni tulikuwa tumekaa kiti kimoja, bega kwa bega, saa tano nzima, na hakuna mila iliyotukataza kwa sababu hapo hapakuwa kwetu. Alikuwa amebeba mursik, maziwa ya mgando ya kwetu, kwenye chupa ya soda. Nilikunywa mafunda mawili yakakaa tumboni. Muuguzi alipotoka na faili akauliza nani yuko na Kipngeno, mama akasema, "Mimi. Ni mtoto wangu." Nilikuwa na miaka kumi na saba, mwanamume kamili. Nilitazama chini, si kwa hasira, bali kwa sababu macho yalikuwa yamejaa machozi.

Moyo ulipimwa kwa nyaya. Damu ikapimwa, mkojo, kifua kikapigwa picha. Tulirudi Kericho mara ya pili kuchukua majibu, mvua ya mawe ikatunyeshea kituoni mpaka gambuti za mama zikajaa. Daktari, yule wa kweli, alikuwa kijana mpole. Alisema moyo wangu ni mzima, mapafu mazima, damu nzuri. Mama akamshukuru Mungu kwa sauti. Mimi nilitamani kulia kwa sababu tofauti. Kama ningekuwa na tundu kwenye moyo ningekuwa na kitu cha kumwonyesha baba. Sasa nilikuwa na ugonjwa usio na picha. Njia nzima ya kurudi nyumbani mama alikuwa na furaha na mimi nilikuwa peke yangu kuliko siku zote za mwaka ule.

Lakini yule daktari alikuwa ameandika karatasi nyingine, ya kutupeleka kwa mshauri kwenye jengo la nyuma. Baba alipoisoma aliikunja mara nne. "Hiyo ni ya watu wa mjini," akasema. "Mwanaume hana stress. Ako na kazi." Hakukataza. Alitoka tu kwenda kukamua ng'ombe, na kwa wiki tatu hakuniuliza tena habari ya hospitali. Mama aliikunjua ile karatasi, akaipiga pasi juu ya meza kwa kiganja, na Jumanne tukaenda.

Mshauri alikuwa mama wa makamo aliyesema tumwite Madam Ruth. Nilitegemea aniulize habari za mitihani. Aliuliza nalala saa ngapi, nacheka na nani, kisha nakula na nani. Nikasema nakula nyumbani. Akasema, "Sijauliza ni wapi. Nimeuliza ni na nani." Mama akajibu kwa niaba yangu kwamba nakula vizuri, sahani huwa tupu. Nilihisi moyo unaanza safari yake, nikaona nikinyamaza sasa sitasema tena maishani.

"Anayekula hicho chakula ni mbwa," nikasema.

Mama alicheka kwanza. Alicheka kweli, kwa sababu ya mbwa, nadhani picha ya yule mbwa ilimjia. Kisha akavuta kitambaa kichwani akajifunika nacho uso, akalia, na Madam Ruth hakumharakisha. Nilisema yote siku hiyo: kemia, jina, vidole, ile siku ya kutamani moyo usimame. Nilipomaliza nilisikia usingizi kama mtu aliyelima ekari.

Sikupewa kidonge hata kimoja, na nilikasirika kidogo, maana mtu akitoka hospitali mikono mitupu anajiona ametapeliwa. Nilipewa mambo madogo. Moyo ukianza, nitoe pumzi polepole kuliko ninavyoivuta, nihesabu. Nilijiona mjinga nikihesabu pumzi kama mbuzi zizini, lakini ilipunguza. Nilale kwa muda wa saa nane kila usiku, hata kama kitabu hakijaisha. Nitembee kila jioni, na kwa kuwa nilimwambia mimi ni Mkalenjin wa ajabu nisiyejua kukimbia, akasema basi tembea. Nimtafute Weldon. Nilimtafuta. Hakutaka maelezo, alisema tu, "Ulikuwa umepotea sana, boss," tukaenda mtoni. Na nisile peke yangu hata siku moja.

Hilo la mwisho lilikuwa gumu kuliko yote. Jikoni siwezi kuingia, na mama hawezi kunibembeleza niingie, watu wangemsema kwamba ananirudisha utotoni. Alifikiri siku mbili. Siku ya tatu alitoka na kigoda chake na sahani mbili, akaja akaketi nje ya mlango wangu, juu ya nyasi. Mimi nikaketi ndani, kizingitini. Kati yetu kulikuwa na mlango ulio wazi. Hakuvunja mila wala hakuniacha. Hakuniambia nile. Alinisimulia habari za shamba, nani amepata ndama, nani amegombana na nani kwenye kituo cha kuuzia chai, na akisimulia hivyo mkono wangu ukapeleka tonge mdomoni. Matonge manne siku ya kwanza. Mvua ilipoanza alijifunika mfuko wa plastiki kichwani akaendelea kusimulia. Mbwa alikaa pembeni akitutazama kwa huzuni kubwa.

Miezi ikapita hivyo, nikienda kwa Madam Ruth kila wiki ya pili. Nywele zikaota. Matundu ya mkanda yakarudi nyuma, moja, kisha lingine. Lakini kila jioni baba alipita na ndoo ya maziwa, akatuona tumekaa, akasema habari zenu, akaenda. Madam Ruth aliniambia jambo wazi: unaweza kula na kulala vizuri, ila Januari kidato cha nne kinafunguliwa, na kile unachokiogopa kinaishi nyumbani kwenu. Kama hutazungumza na baba yako, utarudi kuangukia maabara ile ile. Nikajaribu kumwandikia barua. Nikachana tatu. Desemba ikafika nikiwa bado sijasema, na kwa siri nilikuwa nimeamua sitarudi shule, nitasema tu siku ya kufungua kwamba sitaki, nivumilie kitakachofuata.

Wiki ya Krismasi chai ilikuwa imekomaa na wachumaji wameenda makwao. Tulichuma wenyewe, baba mstari huu, mimi ule wa pili. Kuchuma kuna faida moja ambayo sikuwahi kuijua: mikono ina kazi na macho yanatazama majani, kwa hiyo hakuna anayelazimika kumtazama mwenzake. Tulikuwa tumeenda nusu ya shamba.

"Mzee," nikasema. "Januari sitaki kurudi shule."

Hakusimama. "Ni hiyo moyo?"

"Ni uoga."

"Unaogopa nini?"

"Naogopa wewe."

Mikono yake ikaacha kuchuma. Nikaendelea haraka kabla sijaishiwa. Nikamwambia naogopa siku atakayosimama tena kanisani na hatakuwa na kitu cha kusema. Kwamba sitaweza udaktari, na sijui kama naweza lolote, na kila anayeniita lile jina ananikaba. Moyo ulikuwa unakimbia vibaya. Nikatoa pumzi, nikahesabu, na baba akanisikia nikihesabu.

Aliketi chini pale pale katikati ya mistari, mtu ambaye sijawahi kumwona akiketi shambani. Nilibaki naona kofia yake tu juu ya majani. Nilidhani amekasirika, na nikajiandaa.

"Ulipotoka jandoni," akasema, "wazee waliniambia nikuwache ukue mwanaume. Mimi nikakuwacha kabisa." Kofia ikainama. "Halafu sikujua vile mtu anarudi."

Nami niliketi, upande wangu wa mstari, na mchai ukawa kati yetu. Baada ya muda akasema nirudi nimalize tu, nipate nitakachopata, na lile jina ni yeye aliyeliweka na ni yeye atakayeliondoa. Hakusimama kanisani kulifanya hilo, si mtu wa kupanda jukwaa mara mbili. Alipita kwa majirani mmoja mmoja. Yule bibi wa goti hakukubali. Mpaka leo mimi ni daktari wake.

Nilirudi Januari. Nilimaliza. Matokeo yalikuwa ya kawaida, yakanipeleka chuo cha ufundi kujifunza mitambo ya kukaushia majani ya chai, na kazi hiyo naipenda. Wazazi wanaosoma hapa watataka niwaambie kwamba nilipona. Nimepona kiasi. Naishi kwenye chumba cha kupanga karibu na chuo, na kuna siku za mitihani ambapo vidole vinakufa ganzi na moyo unaanza. Siku hizo nampigia baba. Hajui kufariji, hakufundishwa. Anapokea, anasema, "Ni hiyo?" nami nasema ni hiyo. Basi haulizi kingine. Anabaki kwenye simu, popote alipo, na namsikia akitoa pumzi polepole, akihesabu kwa Kipsigis, mpaka nami nihesabu naye.